Fomula bila masharti yake

Mtu yeyote aliyekaa saiti miezi michache anajua uzito wa nondo unavyopatikana: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162, upate kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 inakuja gramu 889 kwa mita, ya milimita 16 inakuja kilo 1.58. Vijana waliomaliza shahada ya uhandisi ujenzi wanaitaja hesabu hii bila kusita. Ninapowapokea kazini huwa nawauliza swali moja tu juu yake: hiyo 162 imetoka wapi?

Wengi hunyamaza. Wengine hujibu kwamba ni konstanti. Ni nadra kumpata anayevuta karatasi na kuandika kwamba eneo la duara ni pai mara kipenyo cha mraba gawa kwa nne, kwamba chuma kina kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo, kwamba milimita zigeuzwe ziwe mita, na kwamba mwisho wa hesabu hiyo fupi 162 inajitokeza yenyewe. Ni kazi ya dakika mbili, na hakuna hisabati ndani yake ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne hajawahi kuiona.

Siku ambayo kila kitu kiko sawa, tofauti kati ya aliyekariri na anayeelewa haionekani. Inaonekana siku mzigo wa nondo unapofika, lebo ikisema milimita 12, urefu ni mita 12 kamili, lakini mizani inasoma kilo 9 kwa kipande badala ya kilo 10 na gramu 670. Aliyekariri ataona tu kwamba namba mbili hazilingani. Anayejua 162 ilikotoka anairudisha hesabu kinyumenyume: kilo 0.75 kwa mita, mara 162, tafuta kipeuo cha pili, kipenyo halisi ni milimita 11. Na kwa kuwa uzito na eneo vinakwenda pamoja, anajua papo hapo kwamba kila nondo imepungukiwa chuma kwa asilimia 16 hivi, na kwamba bimu iliyochorewa nondo nne imepata chuma cha nondo tatu na kidogo. Mzigo huo anaurudisha ulikotoka na sababu anayo mkononi. Kesho yake akiletewa fito za alumini au chuma cha mraba, hataigusa 162, kwa sababu anajua ilizaliwa kutokana na chuma na duara, na sasa kimojawapo hakipo.

Mpaka kati ya kukariri na kuelewa nauweka hapo. Watu wengi hudhani kuelewa ni kujua mambo mengi zaidi, au kujua kuyaeleza kwa maneno mazuri. Kwa mhandisi, kuelewa ni kujua fomula inaishia wapi. Kila fomula tunayofundisha ina masharti iliyozaliwa nayo. Mwanafunzi anayeibeba bila masharti yake amebeba kitu kinachoweza kumsaliti wakati wowote, na mitihani yetu ya vyuo, kwa namna inavyotungwa, karibu kamwe haimuulizi juu ya masharti hayo.

Mfano wa hatari kuliko nondo ni wL²/8 (w ni mzigo kwa kila mita, L ni urefu wa bimu), momenti, yaani nguvu ya kupinda, ya katikati ya bimu iliyolala juu ya nguzo mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa. Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi ukimwamsha usingizini ataitaja. Pamoja nayo hukaririwa kanuni ya mchoro: nondo kuu zinakaa chini. Vyote viwili ni kweli kwa bimu hiyo, na sababu yake ni rahisi. Zege likibanwa lina nguvu kubwa, likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Bimu ikibebeshwa mzigo inabonyea katikati, upande wa chini unavutika, kwa hiyo chuma kinawekwa chini kulisaidia zege pale lilipo dhaifu.

Sasa ondoa nguzo moja, bana ncha iliyobaki ukutani. Umepata slabu ya baraza la ghorofani, ile inayochomoza nje bila kushikiliwa upande wa mbele. Hii inainama kwa mbele, na upande unaovutika ni wa juu. Momenti kubwa haiko katikati tena, iko ukutani, nayo ni wL²/2, mara nne ya ile ya kwanza kwa urefu uleule na mzigo uleule. Nondo zikilazwa chini kwa sababu “nondo kuu zinakaa chini”, zimelazwa mahali ambapo hazina kazi. Zege la juu litapasuka karibu na ukuta, na slabu ya aina hii ikikatika haina upande mwingine wa kuegemea.

Niliwahi kumkuta kijana aliyehitimu kwa alama nzuri akibishana na fundi mkuu juu ya jambo hili hili. Mbao na mirunda vilikuwa tayari, zege lilipangwa kumwagwa kesho yake. “Injinia, hapa chuma kinapanda juu,” fundi alimwambia kwa upole. Kijana akajibu, “Hapana fundi, nondo kuu zinakaa chini, ndivyo tulivyofundishwa.” Mzee yule hakuwa na fomula. Alivua kandambili yake, akaichana kidogo kwa kisu upande wa juu, akaibana kisigino kwenye ukingo wa tofali na kuibonyeza ncha kwa kidole. Ule mchano ukafunguka. Akaigeuza, akarudia, mchano ukafumba. Kijana alielewa hapo hapo, hata akaanza kueleza mwenyewe kwa nini nondo lazima ziingie ndani ya slabu ya chumbani kwa urefu wa kutosha ili zishikwe. Akili haikuwa tatizo lake hata kidogo. Katika miaka minne ya chuo hakuna mtu aliyekuwa amemtaka aoneshe ni upande gani unavutika.

Na hata nondo zikishawekwa juu, siku ya kumwaga zege vibarua wanazikanyaga zinashuka. Anayeelewa kwa nini ziko juu atasimama pale akihakikisha vile vitegemeo vya kuzinyanyua havijalala, kwa sababu anajua kila sentimita nondo inayoshuka ni nguvu inayopotea. Anayekariri atahesabu nondo, ataona idadi imetimia kama mchoro unavyotaka, atasaini.

Wahandisi wa dunia nzima wana kisa kimoja wanachofundishia jambo hili, nami naona kila mwanafunzi wetu angepaswa kukifanyia hesabu kwa mkono wake. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vivuko viwili vya kutembelea watu vilivyoning’inizwa ndani ya ukumbi vilianguka wakati wa hafla ya muziki. Watu 114 walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kivuko cha ghorofa ya pili kilikuwa chini kabisa ya kile cha ghorofa ya nne. Mchoro wa mwanzo ulitaka fito ndefu za chuma zishuke moja kwa moja kutoka darini, zipite kwenye bimu za kivuko cha juu, ziendelee mpaka cha chini. Kila bimu ingekaa juu ya nati yake, na nati ile ya juu ingebeba kivuko chake tu.

Kutengeneza fito ndefu namna hiyo na kuzikatia nyuzi za nati kulikuwa kazi ngumu, kwa hiyo wakati wa utengenezaji mpango ukabadilishwa: fito fupi kutoka darini hadi kivuko cha juu, kisha fito nyingine kutoka bimu ya kivuko cha juu kushuka hadi cha chini. Kwenye karatasi badiliko hilo linaonekana dogo sana. Lakini fikiria watu wawili wanaoning’inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kamba kwa mikono yake. Halafu mwambie wa chini aiachie kamba, ashike miguu ya mwenzake. Kamba inabeba uzito uleule kama mwanzo, lakini mikono ya mtu wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo nati ya kivuko cha juu ilivyojikuta imebeba mara mbili. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionesha pia kwamba hata mpango wa mwanzo ungefikia asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule. Wahandisi waliohusika walifutiwa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Sisemi kwamba watu wale walikuwa wamekariri. Tatizo lao kubwa lilikuwa kwamba kiungo kile hakuna aliyekikokotoa, na kila mmoja alidhani mwenzake amefanya. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kosa lenyewe halihitaji fomula yoyote kulitambua. Linahitaji mtu achore nati moja, achore mishale ya nguvu zinazoigusa, ajiulize kila mshale unatoka wapi. Hiyo ni kazi ya muhula wa kwanza. Nimewapa wahitimu michoro hiyo miwili bila kuwaambia kisa chake na kuwauliza ipi ni salama zaidi. Wengine wanaanza kutafuta fomula ya mvutano wa fito, wanaikuta fito iko sawa katika michoro yote miwili, wanasema hakuna tofauti. Fomula waliyoitumia ni sahihi kabisa. Wameipeleka kwenye fito wakati swali liko kwenye nati.

Watu wakisikia haya husema ni udhaifu wa vyuo vyetu, uhaba wa maabara, shule za kata, umaskini. Sikubali kwamba hapo ndipo kiini kilipo. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la maswali mepesi ya fizikia, yasiyo na hesabu, waliyowapa wanafunzi wa chuo kikuu. Ni maswali ya aina hii: lori zito linagongana na gari dogo; katika mgongano huo, nani anamsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Sheria ya tatu ya Newton inasema nguvu ni sawasawa. Wanafunzi waliojua kuiandika sheria hiyo neno kwa neno waliendelea kusema lori.

Eric Mazur, aliyekuwa akifundisha fizikia Harvard, aliyasoma matokeo hayo akaamini kwamba wanafunzi wake hawamo. Aliwapa jaribio. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna anavyofikiri yeye mwenyewe? Swali hilo lilimshtua, na lina haki ya kumshtua kila mwalimu. Mwanafunzi alikuwa na fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani, moja ya kuishi nayo. Baadaye Mazur aliweka katika mtihani mmoja maswali mawili ya umeme: moja la kukokotoa mkondo na volti katika sakiti yenye vikinza (resista) kadhaa, jingine la kusema tu taa ipi itang’aa zaidi na ipi itafifia swichi ikifungwa. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi kwenye lile la hesabu ndefu. Lile jepesi liliwashinda wengi, maana halina hatua za kukariri.

Kwa hiyo hata mahali penye vitabu na maabara za kila aina, ukifundisha kwa mhadhara na kupima kwa maswali ya kuchomeka namba kwenye fomula, unavuna kukariri. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62 za fizikia. Kati ya yale ambayo wanafunzi hawakuyajua walipoanza, kozi za mhadhara mtupu ziliwaongezea wastani wa asilimia 23, na zile ambazo wanafunzi walilazimika kujadili na kutabiri jibu kabla ya kuambiwa ziliwaongezea asilimia 48. Ni zaidi ya mara mbili, kwa fizikia ileile.

Turudi kwetu. Mwanafunzi wetu anayekariri ni mtu mwenye akili anayelisoma vizuri soko lake. Anajua UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakuja, anajua kuna sapu, mtihani wa kurudia, anajua kuna kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na mkopo utakaokatika na wazazi waliouza ng’ombe. Anazikusanya past pepa za miaka mitano, anaona swali la tatu ni lilelile, namba tu zimebadilika. Anapata desa, yaani majibu na notsi za kunakili, la aliyemtangulia. Ungemshauri afanye nini? Akitumia wiki nzima kutafuta 162 ilikotoka, hakuna alama hata moja itakayomlipa, na mwenzake aliyekesha na past pepa atapata A. Tunamlaumu kijana kwa kutii mfumo tuliomwekea sisi. Ni sisi, walimu na watungaji wa mitihani, tunaomwambia kila muhula kwamba masharti ya fomula hayana alama.

Mhadhiri naye namwelewa. Mwenye darasa la mamia ya wanafunzi na wiki mbili za kusahihisha atatunga swali lenye jibu moja la namba, kwa sababu linasahihishika. Mitaala ya shule za Tanzania ilihamia kwenye umahiri mwaka 2005, na mengi yamesemwa tangu hapo juu ya kumfanya mwanafunzi afikiri. Lakini mwanafunzi hasomi mtaala, anasoma karatasi ya mtihani wa mwaka jana. Popote ambapo karatasi hiyo haikubadilika, darasani pia hakuna kilichobadilika.

Lipo na suala la lugha, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko tunavyokubali. Mwanafunzi anasoma kwa Kiingereza, na mara nyingi Kiingereza chake kinatosha kunakili sentensi ya kitabu, hakitoshi kuibishia. Ukimtaka aeleze kwa Kiingereza kwa nini zege linapasuka, atakupa sentensi ya kitini ilivyo, nawe utampa alama bila kujua kama kuna kitu nyuma yake. Mtake aeleze kwa Kiswahili, kama anamweleza fundi, na utajua ndani ya dakika moja. Hapo hana sentensi ya kuazima, itabidi ajenge yake. Sipendekezi hapa kugeuza vyuo vyote viwe vya Kiswahili kesho asubuhi. Hiyo ni mada yake. Nasema kwamba tuna kipimo cha uelewa tumekikalia bure, na kwamba mhandisi asiyeweza kumweleza fundi wake jambo kwa lugha ya saiti hajalielewa jambo hilo kwa kiwango ambacho kazi inakitaka.

Wapo waliolishika hili la kuelewa wakaliharibu, wakisema hakuna haja ya kukariri kitu kwa kuwa kila kitu kiko kwenye simu. Wamekosea vibaya. Mhandisi lazima awe na namba kichwani. Zege lenye nondo ni kilonyutoni 25 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilonyutoni 3.75 kwa mita ya mraba kabla hujaweka hata kiti. Asiye na namba hiyo kichwani hawezi kusikia harufu ya kosa kompyuta inapompa 0.375. Kumbukumbu ndiyo inayomruhusu mtu ashtuke. Shida inaanza pale namba inapokuwa kichwani peke yake, bila kushikana na nyingine.

Kompyuta imelifanya jambo hili kuwa la haraka zaidi. Kijana anajenga modeli ya jengo kwenye ETABS, programu ya kukokotoa majengo, kwa siku moja, programu inamchorea momenti zote kwa rangi. Ukisema ncha za bimu zimeshikwa kabisa zisizunguke, momenti ya katikati inashuka mpaka wL²/24, theluthi moja ya ile ya bimu iliyoegemea tu, na kwenye ncha inatokea wL²/12 ambayo lazima iwekewe nondo juu. Mbofyo mmoja unabadilisha chuma chote cha bimu hiyo, na programu haitamuuliza kama ukuta wake wa tofali una uwezo wa kuishika ncha kiasi hicho. Itamkubalia. Sasa zimekuja na programu za akili mnemba zinazojibu past pepa vizuri kuliko mwanafunzi mwenyewe. Alichokuwa amebakiza aliyekariri, yaani kasi ya kuchomeka namba, hakina bei tena.

Wengine husema haya yote yatanyooka kazini. Tanzania mhitimu anatakiwa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini unategemea nani anamsimamia. Nimeona logbuku za PT, mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, ambazo kurasa zake zingeweza kubadilishana wanafunzi na hakuna ambaye angegundua: tumemwaga zege, tumefunga nondo, tumepokea wageni. Mwanafunzi alikuwa saiti wiki nane na hakuna aliyemuuliza kwa nini mirunda haitolewi siku ya tatu.

Sipigii debe mageuzi makubwa ya kusubiri fedha na semina. Nataka kila mtihani wa somo la uhandisi uwe na sehemu ndogo, tuseme alama 20 kati ya 100, ambayo haiwezi kujibiwa kwa fomula. Mpe mwanafunzi hesabu iliyokwisha kufanywa, yenye kosa moja la dhana, alitafute. Mpe mchoro wa baraza lenye nondo chini aseme kitakachotokea na wapi, kwa sentensi tatu, kwa lugha anayoitaka. Mpe michoro miwili ya Kansas City. Mwandikie fomula umuulize mambo mawili ambayo yakibadilika fomula hiyo haitumiki tena. Maswali ya namna hii yanasahihishwa haraka kuliko kurasa nne za hesabu, kwa sababu msahihishaji anajua kwenye sentensi ya kwanza kama mtu ameelewa. Wanafunzi wakishaona yanakuja kila mwaka na michoro inabadilika, watayafanyia past pepa zake pia, na njia pekee ya kujiandaa nayo itakuwa kukaa wanne wanne na kubishana upande gani unavutika.

Mhadhiri anayetaka kuanza na mtihani wa muhula huu, na bado hana la kutunga, achukue hili: nondo iliyoandikwa milimita 16 na yenye urefu wa mita 12 imepimwa ikawa kilo 16. Mweleze mwenye nyumba, ambaye hajasoma uhandisi, amepoteza nini.